Nilisema Anasikia

Jumatatu, 6 Oktoba

Watoto watatu leo. Wa kwanza alilia mpaka kofia ikalowa. Nikamvua, nikamrudishia mama yake. Wa pili alilala vizuri. Wa tatu alitapika juu ya waya. Nimeosha kofia mara mbili kwa maji ya uvuguvugu, nikatoa jeli kwenye kila tundu kwa mswaki. Vidole vimekunjamana kama vya mfuaji nguo.

Joto. Mvua bado. Vumbi jekundu limeingia hata ndani ya kabati la elektrodi.

Kazi ni ile ile. Mtoto analala mapajani mwa mama yake. Spika inasema ba, ba, ba, ba, na mara moja moja inasema da. Kofia inasoma mawimbi ya ubongo. Kama ubongo umetambua kwamba da si ba, wimbi linapanda pale penye da. Kama haukutambua, halipandi. Mtoto mwenyewe haulizwi neno. Nadhani ndiyo maana naipenda kazi hii. Watu wazima wakipimwa masikio wanabahatisha, wanaona haya, wanadanganya.

Profesa Ilunga anataka watoto zaidi kabla ya mwezi kwisha. Wote ni wale waliougua homa ya uti wa mgongo wakapona. Amenikumbusha tena sheria yake: mzazi haambiwi kitu. Huu ni utafiti, si matibabu. Mzazi anapewa sabuni na nauli, anashukuriwa, anakwenda.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimevunja sheria.

Alikuja mama mmoja kutoka Kilwa, kule Ziwa Mweru. Jina lake Solange, lakini kila mtu anamwita kwa jina la mtoto, Mama Plamedi. Amefikia kwa dada yake, hapa Lubumbashi, katika mtaa unaoitwa Kenya. Mume amebaki Kilwa, anatengeneza mashine za mitumbwi. Mtoto ni msichana wa miezi saba. Aliugua akiwa na miezi mitatu. Walimfikisha hospitali siku ya nne kwa sababu ya barabara. Akapona. Tangu hapo, mama anasema, mtoto anatazama tu. Anatazama sana.

Nyumbani kwa mume kuna maneno. Mama mkwe anasema mtoto amefungwa masikio, na aliyemfunga ni mama yake mwenyewe, kwa dhambi anayoijua yeye. Mama Plamedi alinisimulia haya bila kupandisha sauti huku nikimpaka mtoto jeli kichwani. Masista wenye kituo cha viziwi wamempa nafasi. Watoto wachache watavalishwa vifaa vya masikioni vya kusaidia kusikia, na Plamedi ni mmoja wao, kama ni kweli hasikii.

Tukarekodi. Mtoto alilala tangu mwanzo hadi mwisho. Wimbi likatoka safi, zuri, kama la kwenye kitabu.

Mama alikuwa ananitazama uso. Wanajua kusoma uso, hawa mama.

"Mama Odile, niambie kweli tu. Mutoto anasikia?"

Nilitazama mlango. Prof hakuwepo.

"Anasikia," nilisema. "Anasikia hata tofauti ndogo."

Alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakawa yanatikisika. Nami nililia kidogo. Nimetoka kazini nikijiona mtu wa maana. Miaka yote hii ya kuosha kofia, leo tu nimempa mtu kitu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mama Plamedi amekuja tena, bila kuitwa. Ameniletea samaki wakavu ndani ya gazeti. Amekwenda kwa masista akawaambia wampe mtoto mwingine ile nafasi, wa kwake anasikia, mashine imesema. Mume amefurahi. Amemwambia arudi nyumbani. Wanaondoka kesho na lori la kubebea samaki.

Nilimwambia angesubiri kidogo na ile nafasi. Aliniuliza asubiri nini.

Nimekula samaki kwa bukari, ugali wetu wa hapa. Chumvi nyingi.

Jumanne, 14 Oktoba

Prof amenipa kazi ya kuchora mawimbi ya watoto wote kwa ajili ya ripoti. Nimeyachora kwenye karatasi moja, moja juu ya jingine. Nilitegemea fujo. Watoto ni fujo. Mmoja ubongo wake unajibu haraka, mwingine anachelewa. Wa miezi miwili hawezi kuwa sawa na wa miezi kumi.

Lakini mawimbi yote yanapanda mahali pale pale. Yote. Kama watoto wa shule waliosimamishwa mstarini.

Nimemwonyesha Prof. Akasema ni rekodi safi, tufurahi, miaka mingine tulikuwa na takataka tupu. Akasema nimechoka. Kweli nimechoka.

Kuna jambo sikuliandika Jumatano ile. Plamedi akiwa amelala na kofia, upepo uliubamiza mlango wa chuma wa korido. Mama aliruka. Mimi nilidondosha kalamu. Mtoto hakutikisa hata kope. Kwenye fomu niliandika: analala vizuri sana.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimerekodi watoto wawili. Wimbi lile lile. Mahali pale pale.

Sina hamu ya kula.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimenunua papai sokoni, kubwa kiasi cha kichwa cha mtoto. Nimefika kazini kabla ya wengine, nikafunga mlango. Nilijiona mwendawazimu. Nikalivalisha papai kofia. Nikalipaka jeli. Nikaketi kwenye kiti cha wazazi, papai mapajani, nikaacha spika iseme ba, ba, ba, da mpaka mwisho, kama kwa mtoto yeyote.

Kisha nikalifanyia hesabu zile zile.

Wimbi likapanda. Mahali pale pale.

Papai linasikia. Papai linajua tofauti ya ba na da. Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, nikabaki nimeshika kile kitu mapajani.

Nimepata chanzo. Kila sauti inapotoka, kompyuta inatuma alama ndogo ya umeme kwenye kinasa, ili tujue sauti gani ilitoka wakati gani. Alama ya da ina nguvu kuliko ya ba. Waya wa alama unapita chini ya meza. Gurudumu la meza limeukanyaga, mpira umechunika, na hapo hapo umelalia waya za kofia. Umeme ulikuwa unavuja. Tulichokuwa tunakiita ubongo ni uvujaji huo.

Nikauondoa waya mbali, nikarekodi tena. Papai likanyamaza.

Meza ilisogezwa Agosti, chumba kilipopakwa rangi. Niliisogeza mimi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimemwambia Prof. Hakuniamini, akataka kulirekodi papai mwenyewe. Alikaa nalo, mtu mzima na miwani yake, tai yake, mkono mmoja chini ya papai na mwingine juu. Na waya palepale ulipokuwa, wimbi. Waya mbali, hakuna wimbi. Akafanya mara tatu. Akavua miwani.

Aliuliza tangu lini. Nikasema Agosti. Watoto wote tangu Agosti. Ripoti yake inatakiwa mwisho wa mwezi, na wale wa nje wanaosaidia utafiti wanaisubiri. Si mtu mbaya. Amenifundisha kila ninachojua. Nilimwonea huruma, na nilijichukia kwa sababu huruma ile ilinifanya nisiseme upesi.

Akasema tutanunua waya mpya. Tutawaita upya watoto wote walio hapa mjini.

"Na yule wa Kilwa?" niliuliza.

"Kilwa ni mbali, Mama Odile. Na hatujamudanganya mutu. Ule mama hakupewa jibu lolote."

Hapo nikasema.

"Nilimupa jibu mimi, Prof. Nilimwambia anasikia. Amerudisha nafasi ya masista."

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alivaa miwani, akaivua, akasema nimwache peke yake kidogo. Nilikaa kwenye benchi la korido hadi saa ya kwenda nyumbani. Mlango haukufunguliwa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimekwenda kwa Kalenga, mdogo wangu. Ana karakana ya vitanda nyuma ya soko la Kenya. Kalenga ni kiziwi tangu utotoni, na nyumbani hatukujua mpaka alipofika miaka mitano. Baba alikuwa mtu wa reli, mtu wa saa na nidhamu. Alimwita, mtoto hakuja, alimchapa. Alimchapa miaka mitatu hivi kwa kosa la kutosikia. Baada ya kujua, Baba hakuzungumza habari hiyo hadi kufa kwake.

Shule Kalenga hakwenda. Mimi na yeye tuna lugha yetu ya mikono, tuliyojitungia chini ya meza ya jikoni. Nimemweleza yote. Mtoto, kofia, papai, waya. Alicheka kwa papai. Kwa mtoto hakucheka.

Nilimweleza nilivyolia kwa furaha siku ile na yule mama. Hapo akaweka randa chini. Akanionyesha mimi, akaonyesha moyo, akaonyesha furaha. Kisha akajionyesha yeye mwenyewe, akatikisa kichwa.

Nilimwelewa. Alikuwa anasema: ulifurahi kwa sababu hatakuwa kama mimi.

Nilikataa. Nilitikisa kichwa mara nyingi. Akarudi kwenye ubao wake, akaendelea kupiga randa. Nilikaa kwenye maranda mpaka walipofunga soko, na hakunitazama tena.

Ana haki. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimepata namba ya simu kutoka kwa dada yake Mama Plamedi. Nimepiga asubuhi, haipatikani. Saa sita, haipatikani. Saa tisa ikaita. Akapokea mume.

Sauti changamfu. Alinishukuru kabla sijasema neno. Akasema nyumba yote imetulia, mama yake sasa anambeba mtoto mwenyewe, anamwita kwa jina kutwa nzima, anamwimbia. Akaniuliza kama nina ujumbe kwa mke wake.

Nikasema nilikuwa naulizia hali tu.

Mwoga. Hakuna neno lingine.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimekwenda kwa masista. Sista aliyenipokea ni mama wa makamo, mkavu wa maneno. Nafasi ya Plamedi imechukuliwa na mtoto mwingine, amekwisha kupimwa masikio na kuchukuliwa vipimo vya vifaa. Nafasi nyingine hajui lini. Labda mwakani. Labda hapana.

Nilimweleza kosa langu. Alisikiliza hadi mwisho bila kutikisa kichwa. Akasema vifaa havipo, lakini kila Jumamosi kuna somo la mikono kwa wazazi, na somo hilo halina orodha. Mtoto anayeanza mapema anapata lugha kama wengine. Anayeachwa anasubiri masikio yasiyokuja, huyo ndiye anayepotea.

Nilimfikiria Kalenga chini ya meza ya jikoni.

Mvua ya kwanza leo jioni. Fupi, lakini nzito. Nimefikiria barabara ya Kilwa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimemwambia Prof nakwenda Kilwa. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Alikuwa mezani, ripoti mbele yake, na alikuwa amepiga mstari mwekundu juu ya kurasa nyingi. Agosti, Septemba, Oktoba. Uso wake umezeeka wiki hii.

"Beba mashine ndogo na betri," alisema. "Usiende na mudomo mutupu."

Kisha akaongeza kwamba pengine mtoto anasikia kweli. Papai kupata wimbi hakumaanishi kwamba mtoto hana wimbi lake. Ni kweli kisayansi. Nimeshikilia neno hilo siku nzima. Mlango wa chuma unabamizwa tena kichwani mwangu, na nalishikilia.

Jumatatu, 27 Oktoba

Njiani. Naandika kwenye kiti cha mbele cha lori, tumesimama, dereva anachimba tope kwenye gurudumu. Mashine iko mapajani mwangu, nimeifunga kwa plastiki mbili. Nilimpigia Mama Plamedi jana, nikampata mwenyewe. Nilisema nakuja kumpima mtoto tena. Hakuuliza kwa nini. Akasema karibu, mama.

Hakuuliza kwa nini.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimefika jana jioni nikiwa tope mpaka magotini. Wamenipokea kama mgeni wa harusi. Mama mkwe, bibi mwembamba mwenye kovu kwenye paji la uso, alinipikia samaki wabichi na kuniwekea maji ya moto ya kuoga. Alinishika mikono yote miwili. Sikuweza kumtazama.

Leo asubuhi tulirekodi. Chumba cha ndani, kitanda, dirisha limezibwa kwa kanga. Hakuna umeme wa ukutani, betri tu. Hakuna meza, hakuna gurudumu. Sijawahi kuona rekodi tulivu kama ile. Nje kuku, ziwa, mtu anapiga nyundo mbali. Mama Plamedi ameketi kitandani na mtoto. Sisi watatu tu.

Ba, ba, ba, ba, da.

Nilikaa nikitazama kompyuta ikikusanya. Mwanzoni mistari hutetemeka, huwezi kusema kitu. Unasubiri. Kila sauti inaongeza kidogo, na kama kuna wimbi, linaanza kujitokeza, kama picha ya mtu anayekuja kwa mbali. Nilisubiri ajitokeze mtu.

Hakuja mtu. Kwa da hakuna. Kwa ba yenyewe hakuna. Nikarudia tangu mwanzo, nikaongeza sauti ya spika. Mtoto alilala. Mstari ukabaki umelala kama yeye.

Nilizima spika. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, ya waya, ya meza, ya kosa. Nikayasema vibaya, nusu Kifaransa, nusu kigugumizi. Nilimwambia mashine ilikuwa mbovu siku ile. Nilimwambia ni mimi niliyeisogeza meza. Nilimwambia sikutakiwa kusema kitu, na nilisema.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema:

"Nilijua, mama. Tangu juma la kwanza. Nilisimama nyuma yake nikapiga sufuria. Nikapiga na nguvu. Hakugeuka."

Nikamuuliza kwa nini hakunipigia simu.

Alikuwa anamfuta mtoto jeli kichwani, taratibu, kwa ncha ya kitenge.

"Hapa nyumbani walikuwa wananisalimia," alisema.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nikaona haya, kwa sababu machozi yale hayakuwa na kazi yoyote mle chumbani. Alisubiri nimalize hilo pia. Halafu akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, kule walikokuwa wamekaa mume na mama mkwe.

"Wewe ulisema anasikia. Sasa wewe utasema hasikie. Mimi sitasema."

Nikatoka. Nikasema.

Nilisimama wima uani, mbele ya watu wanne au watano, majirani wawili wakiwemo. Nilisema mtoto hasikii, na kwamba ni ile homa iliyoua masikio yake, si mkono wa mtu, si dhambi ya mama yake. Nilirudia hilo la mwisho mara mbili, nikimtazama bibi. Nilisema mimi ndiye niliyekosea. Bibi aliinuka akaingia ndani, akafunga mlango bila kuubamiza. Majirani wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Mume alikuwa na bisibisi mkononi. Aliigeuza geuza. Aliuliza swali moja tu, kama mtoto atasema siku moja.

Nikamwambia sijui. Nikamweleza somo la masista, kwamba kuna lugha ya mikono, kwamba mdogo wangu anafanya kazi yake na kula jasho lake. Aliinamisha kichwa kwa heshima. Kisha akaenda ziwani kwenye mashine zake. Hakurudi kula mchana.

Alhamisi, 30 Oktoba

Hakuna aliyenipikia leo. Sawa. Mama Plamedi aliniletea chai bila sukari, akaiweka chini, akaondoka. Lori linaondoka saa nane. Nimemwachia karatasi yenye jina la kituo na siku ya somo. Aliikunja bila kuisoma.

Bibi hamshiki mtoto tena. Nimeona mwenyewe. Mtoto alimnyooshea mikono, bibi akapita.

Ningebaki Lubumbashi, mtoto yule angebebwa leo. Nimelifikiria hili asubuhi yote na sijapata pa kuliweka.

Jumapili, 2 Novemba

Nimerudi. Homa kidogo. Sikwenda misa. Nililala.

Jumatatu, 10 Novemba

Tunawaita watoto upya. Waya mpya, meza imewekwa ukutani, na kila asubuhi tunarekodi kwanza kitambaa chenye maji ya chumvi, kama lile papai, kabla ya mtoto. Ni wazo la Prof. Mawimbi sasa ni fujo kama inavyotakiwa. Wengi wanasikia, na nilimshukuru Mungu kwa kila mmoja. Wawili hapana. Wazazi wa wawili hao wameitwa na Prof mwenyewe, ofisini kwake, mlango umefungwa. Amebadili sheria bila kusema ameibadili. Baba mmoja alitoka akapita mbele yangu kama kipofu.

Ripoti imeondoka. Ni fupi. Amesema ukweli ndani yake, jina langu hakulitaja, lake amelitaja. Wale wa nje hawajajibu. Kama hawatajibu, mwakani hakuna utafiti, na labda hakuna kazi. Prof anakuja kila siku na tai yake.

Kutoka Kilwa hakuna neno. Simu haiiti.

Jumapili, 16 Novemba

Nimekwenda kwa Kalenga baada ya misa. Nilimweleza habari za Kilwa. Nilimweleza pia kwamba alisema kweli siku ile, kuhusu furaha yangu. Nilichukua muda mrefu kulisema, mikono yetu haina neno la kuomba msamaha, hatukuwahi kulitunga. Nilimshika bega tu. Alitazama mkono wangu kwenye bega lake kama anayepima ubao. Akanipa kiti.

Tulikula pamoja. Mvua ilinyesha kwenye mabati, nami nikawa nafikiria kwamba yeye anaiona tu ikianguka.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimekwenda kwenye somo la masista. Nilijiambia nakwenda kujifunza mikono halisi, ili siku moja nimfundishe Kalenga. Ni kweli nusu.

Chumba kirefu, madirisha ya juu, mabenchi. Wazazi kama kumi, karibu wote mama. Mwalimu ni kijana kiziwi, mwembamba, shati limepigwa pasi sana.

Mama Plamedi alikuwa benchi la pili.

Sikujua kama amekuja mjini. Amekonda. Dada yake aliniambia baadaye, mlangoni, kwamba alikuja na lori la mwisho kabla barabara haijakatika, na mume hakumzuia wala hakumsindikiza. Tangu afike mume hajapiga simu. Hawajui kama ameachika au hapana.

Nilikaa mwisho wa benchi lake, nikaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Hakunisalimia. Nami sikumsalimia, niliogopa. Mtoto alikuwa mapajani mwake, macho yake kwa mwalimu, hayapepesi.

Mwalimu akaanza na vitu vya nyumbani. Alionyesha, sote tukaiga. Alipofika kwetu akasimama. Alimtazama Mama Plamedi, ambaye alikuwa anajaribu kwa mkono mmoja na kumshikilia mtoto kwa mwingine. Akatikisa kichwa kwa upole. Akainua mikono yake yote miwili, akamwonyesha: neno hilo linataka miwili.

Mama Plamedi alitazama upande wa dada yake, lakini dada alikuwa nje na watoto wake. Akatazama nafasi ile katikati yetu. Kisha akamnyanyua mtoto, akaniwekea mapajani, bila kunitazama, akageuka mbele.

Mtoto ni mzito kuliko nilivyokumbuka. Alinusa nguo yangu. Akaegemea. Mama yake, mikono ikiwa huru, alikuwa anarudia neno lile polepole, anakosea, anarudia.

Nilimshika mpaka mwisho wa somo.